Picha Takatifu na Moyo Wenye Maumivu

Katika nyumba nyingi za Wakatoliki hakukosekani picha ukutani: Moyo Mtakatifu wa Yesu, Bikira Maria, Familia Takatifu, au kalenda ya parokia yenye sura ya mtakatifu. Ilitundikwa siku nyumba ilipobarikiwa, na tangu siku hiyo wengi wetu hatujaitazama tena. Twaipita kama tupitavyo mlango. Lakini ukiingia msiba, au mtu wa nyumbani akilala kitandani miezi mingi, ndipo macho yake hurudi ukutani na kutafuta kitu. Anatafuta nini? Na picha yaweza kumpa nini mtu ambaye dawa haijamponya, na maneno ya wageni yamekwisha kumchosha? Hilo ndilo somo letu la juma hili.

Ili tusijibu kwa maneno matupu, na tueleze habari za kazi moja ya uchoraji iliyofanywa makusudi itazamwe na wagonjwa. Imekwisha kupata umri wa zaidi ya miaka 500, na bado yafundisha.

Hospitali ya Isenheim

Katika nchi ya Alsace, iliyo leo sehemu ya mashariki ya Ufaransa, kuna kijiji kiitwacho Isenheim, si mbali na mji wa Colmar. Hapo zamani palikuwa na nyumba ya watawa wa Mtakatifu Antoni Abate. Shirika lao lilianza mwishoni mwa karne ya 11, na kazi yao kubwa ilikuwa kuwauguza watu waliopatwa na ugonjwa ulioitwa Moto wa Mtakatifu Antoni.

Ugonjwa huo ulikuwa wa kutisha. Mgonjwa alisikia mwili unaungua kana kwamba umelazwa juu ya makaa. Ngozi iligeuka rangi na kufanya vidonda. Vidole, mikono na miguu iliingia weusi, ikakauka, hata ikakatika. Wengine walishikwa na degedege, wengine wakaona maono ya kuwatia hofu. Watu wa siku zile hawakujua sababu yake. Leo twajua ya kuwa ulitokana na kuvu iotayo katika masuke ya rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano, ambayo maskini wa Ulaya waliifanyia mkate. Kuvu hiyo iliposagwa pamoja na nafaka, mkate wa kila siku uligeuka kuwa sumu. Kwa hiyo maskini, ambaye hakuwa na chakula kingine, ndiye aliyepatwa zaidi.

Watawa waliwapokea watu hao. Waliwapa mkate mzuri, wakawapaka marhamu ya majani na mafuta, na ilipolazimu, mpasuaji alikata kiungo kilichooza. Hiyo ilikuwa tiba ya mwili, nao hawakuipuuza hata kidogo. Lakini walifahamu pia ya kuwa mtu aliyekatwa mkono, anayenuka vidonda, na ambaye jamaa zake wamemwogopa, anayo jeraha jingine mahali ambapo marhamu haifiki. Hujiona ametupwa na watu, na mara nyingi hujiona ametupwa na Mungu pia.

Kwa ajili ya watu hao mkuu wa nyumba ile, Guido Guersi, alimpa kazi mchoraji Matthias Grünewald. Kati ya mwaka 1512 na mwaka 1516 hivi mchoraji huyo alizipamba kwa rangi mbao kubwa zilizosimama juu ya altare ya kanisa la watawa. Mbao hizo zilikuwa na milango kama ya kabati, nazo zilifunguliwa mara mbili, hata zikawa na sura tatu: moja milango ikiwa imefungwa, ya pili milango ya kwanza ikifunguliwa, na ya tatu milango yote ikiwa wazi. Mbele ya mbao hizo ndipo wagonjwa walipofikishwa.

Kristo mwenye vidonda vyao

Milango ilipofungwa, mgonjwa alimwona Bwana wetu msalabani. Wachoraji wengi humchora Yesu msalabani akiwa mzuri wa umbo, kama mtu aliyelala usingizi. Grünewald hakufanya hivyo. Mwili wa Kristo ni mkubwa kupita wote waliosimama chini yake, na rangi yake ni ya mtu aliyekufa. Ngozi imejaa vidonda, na ndani ya vidonda vimebaki vipande vya miiba. Midomo imegeuka buluu. Vidole vya mikono vimetanuka na kukakamaa, kama vya mtu aliyeshikwa na maumivu yasiyopungua. Nyuma yake mbingu ni nyeusi. Bikira Maria amezirai, na Mtume Yohane amemshika asianguke. Maria Magdalena amepiga magoti, amefumbata mikono yake kwa uchungu. Upande wa pili amesimama Yohane Mbatizaji, naye amenyosha kidole kirefu kumwelekea Msulibiwa, kana kwamba asema: Mtazameni yeye.

Ndugu msomaji, fikiri mgonjwa wa Isenheim alivyoitazama picha hiyo. Alijua rangi ya ngozi ile, kwa kuwa aliiona kila asubuhi alipofunuliwa nguo. Alijua vidole vile. Mwana wa Mungu alikuwa amechorwa na mwili ulio kama wake mwenyewe. Tena wataalamu kadhaa wameona jambo la ajabu: kwa kuwa msalaba haukuwekwa katikati kabisa, milango ilipoanza kufunguliwa, mkono mmoja wa Kristo ulitengana na mwili. Aliyekatwa mkono aliona Bwana naye amekatwa mkono pamoja naye.

Hapa ndipo penye fundisho letu la kwanza. Mtu mwenye maumivu hahitaji kwanza kuambiwa ya kuwa mambo ni mazuri. Ahitaji kwanza maumivu yake yaonekane, yakubaliwe kuwa ni kweli. Sisi mara nyingi twafanya kinyume. Twaingia chumbani mwa mgonjwa, twamwambia, “Usilie, jikaze, utapona tu,” kisha twaondoka upesi, kwa sababu sisi wenyewe twaogopa. Mgonjwa hubaki na maumivu yake, na sasa amepewa na kazi ya kuyaficha. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na huzuni nayo ni maradhi ya namna hiyo. Picha ya kweli haiogopi. Haiondoki upesi. Yakaa na mgonjwa usiku kucha, nayo haimwambii anyamaze.

Malalamiko yaliyoandikwa kanisani

Tuendelee hadi sura ya tatu, milango yote ikiwa wazi. Katikati kuna sanamu za mti, na Mtakatifu Antoni ameketi kama mfalme. Sanamu hizo zilichongwa kabla ya Grünewald kuanza kazi yake. Pembeni kuna picha ya majaribu ya mtakatifu huyo. Ameangushwa chini, na mashetani wenye sura za wanyama na ndege wamvuta nywele na kumpiga kwa magongo. Chini yao, pembeni kabisa, ameketi mtu aliyevimba tumbo, mwili wote vidonda, mfano hasa wa wagonjwa wa nyumba ile.

Katika pembe ya pili ya picha hiyo mchoraji aliweka kipande cha karatasi chenye maneno ya Kilatini. Ni malalamiko ya Antoni kwa Yesu mwema: amuuliza alikuwa wapi, na kwa nini hakuwapo ili amponye majeraha yake. Zingatieni jambo hilo. Watawa waliruhusu swali la namna hiyo liandikwe kanisani, juu ya altare, mbele ya watu wenye kuteswa. Hawakuliona kuwa kufuru. Walijua ya kuwa Zaburi zina maswali kama hayo, na ya kuwa Bwana mwenyewe alilia msalabani akiuliza kwa nini ameachwa.

Mama aliyemzika mtoto wake, naye anaona haya kukiri ya kuwa ana hasira na Mungu, na ajue kwamba mtakatifu aliyetangulia aliuliza vivyo hivyo, na swali lake likachorwa. Swali likipata mahali pa kukaa, halimtafuni mtu tena kwa siri. Nalo laweza kugeuka kuwa sala, kwa maana hata anayelalamika mbele ya Bwana bado asema naye.

Mlango hufunguliwa

Lakini kama picha ile ingaliishia katika mauti, ingalikuwa nusu ya kweli. Kati ya sura hizo mbili ipo sura nyingine, iliyofunguliwa katika sikukuu. Ndani yake malaika Gabrieli ampasha Maria habari; malaika wapiga vinanda; Mama amshika Mtoto wake, na karibu naye mchoraji ameweka kitanda cha mtoto, beseni la kuogea na chungu cha haja. Vyombo hivi ndivyo vilivyokuwamo katika wodi za wagonjwa pia. Na nguo aliyofungiwa Mtoto imechakaa na kuraruka, kama ile aliyovikwa Msulibiwa.

Mwishoni, upande wa kuume, Kristo afufuka. Apanda juu ya kaburi katika duara kubwa la mwanga, njano na nyekundu, na walinzi wameanguka chini. Ngozi yake sasa ni safi. Kila kidonda cha maradhi kimetoweka. Ila alama za misumari zipo bado, naye azionyesha kwa mikono iliyoinuliwa. Hakuna aliyejifanya kwamba hazikuwapo.

Basi mgonjwa alijifunza kwa macho yale ambayo mahubiri marefu yasingaliweza kumfikishia: mwili uliooza ni mwili ule ule uliotukuzwa, na milango yafunguliwa kwa zamu. Leo ni siku ya msalaba, sikukuu itakuja. Matumaini ya namna hii hayamdhihaki mtu mwenye huzuni, kwa kuwa yamepita kwanza katika huzuni yake.

Moyo husaidiwaje kwa kutazama?

Wengine watauliza: Rangi juu ya ubao zawezaje kuugusa moyo? Na tueleze kwa kifupi.

Kwanza, maumivu yasiyo na umbo hutisha kuliko yenye umbo. Mtu mwenye huzuni nzito mara nyingi hawezi kusema ana nini. Akiona nje yake kitu kinachofanana na kile kilicho ndani yake, aweza kukielekeza kidole na kusema, “Ni hivi.” Hapo amekwisha kuanza kuyatawala yale yaliyokuwa yakimtawala.

Pili, uchungu wa mwingine hufungua machozi yaliyofungwa. Mwanafalsafa Aristotle wa Uyunani, zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, alifundisha ya kuwa watu watazamapo mchezo wa huzuni jukwaani, hofu na huruma zao husafishwa. Wako watu wasioweza kulia kwa ajili yao wenyewe, lakini huweza kulia mbele ya Mama Maria aliyempakata Mwanawe maiti.

Tatu, kutazama kwa utulivu hupumzisha akili inayozunguka. Florence Nightingale, mwalimu wa wauguzi wa Uingereza, aliandika mwaka 1859 ya kuwa vitu vizuri na rangi zing'aazo humsaidia mgonjwa kupata nafuu. Mwaka 1984 mtaalamu Roger Ulrich wa Marekani alitangaza matokeo ya uchunguzi wa hospitali moja: wagonjwa waliopasuliwa, ambao dirisha lao lilitazama miti, walitoka mapema kidogo na kuhitaji dawa chache zaidi za kutuliza maumivu makali kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali. Naye mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa iliyokusanya tafiti zaidi ya 3000 juu ya sanaa na afya, ikaonyesha kwamba sanaa ina sehemu yake katika kuzuia maradhi na kuwasaidia wagonjwa. Yale ambayo watawa wa Isenheim waliyatenda kwa huruma, wataalamu wa siku hizi wanayapima kwa hesabu.

Lakini tahadhari. Picha haishiki mahali pa dawa. Watawa wale hawakumweka mgonjwa mbele ya altare na kumnyima mkate safi. Mtu asiyelala usiku kwa majuma mengi, au anayewaza kujiua, apelekwe kwa daktari bila kukawia, na hiyo si haya wala si upungufu wa imani. Mkate na marhamu kwanza. Picha pamoja navyo.

Hata askari, hata jirani zetu

Nguvu ya picha zile haikwisha pamoja na ugonjwa ule. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Alsace ikiwa bado chini ya Ujerumani, mbao hizo zilipelekwa mjini Munich kwa usalama. Vita vilipokwisha mwaka 1918 ziliwekwa wazi huko, na watu wengi mno wakaja kuzitazama, miongoni mwao askari waliojeruhiwa na waliopoteza viungo. Hawakuwa na Moto wa Mtakatifu Antoni. Walikuwa na moto mwingine. Mwaka 1919 zilirudishwa Colmar, nazo zipo huko hata leo katika jumba la makumbusho la Unterlinden, lililokuwa zamani nyumba ya watawa wanawake Wadominiko.

Nasi katika Afrika ya Mashariki tunao mfano wa picha zilizochorwa mahali penye jeraha. Huko Murang'a, nchini Kenya, ndugu zetu Waanglikana walijenga kanisa la kuwakumbuka Wakristo waliouawa katika miaka ya vita vya Mau Mau. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, alichora juu ya kuta zake maisha ya Kristo, tangu kuzaliwa hadi msalaba. Watu walio ndani ya picha hizo ni Waafrika, na milima na miti ni ya nchi ile ile. Njia yake ni moja na ile ya Isenheim: watu walioumia walionyeshwa Bwana aliye katika hali yao, kati ya watu wa sura zao.

Je, si kuabudu sanamu?

Swali hili huulizwa mara kwa mara, nalo Mama Kanisa amekwisha kulijibu. Papa Gregori Mkuu, karibu na mwaka 600, alimwandikia Askofu Serenus wa Marseille, aliyekuwa amevunja picha kanisani, akimfundisha kwamba wasiojua kusoma hujifunza kwa picha kama wengine wajifunzavyo kwa vitabu. Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, ulifundisha ya kuwa heshima apewayo mwenye picha hupita katika picha na kumfikia yeye mwenyewe. Na Mtaguso wa Trento ulithibitisha fundisho hilo mwaka 1563. Ibada ya kuabudu ni ya Mungu peke yake. Mtu anayeisimamia picha ya marehemu mama yake na kulengwalengwa na machozi hailii karatasi.

Namna ya kutazama nyumbani

Hatuna budi kukiri ya kuwa macho ya siku hizi yamechoka. Simu ya mkononi yatuonyesha picha mamia kwa siku moja, na hakuna hata moja tuikumbukayo jioni. Kutazama kunakolisha moyo ni kwa namna nyingine. Yafaa familia ishike mashauri haya machache:

1. Chagueni picha moja, muiweke mahali ambapo mtu aliyelala kitandani aweza kuiona bila kugeuza shingo. Picha iliyo nyuma ya kichwa cha mgonjwa yawafaa wageni tu.

2. Itazameni kwa muda wa dakika tano bila kusema neno. Kisha kila mmoja aseme alichokiona: mkono, uso, rangi, mtu aliye pembeni. Msiharakie mafundisho.

3. Mwacheni mwenye huzuni achague mwenyewe. Katika vituo 14 vya Njia ya Msalaba, vilivyopangwa idadi hiyo na Papa Klementi XII mwaka 1731, mmoja atasimama penye Yesu aangukapo mara ya tatu, kwa kuwa naye ameanguka tena. Mwingine atasimama penye Simoni wa Kirene, kwa kuwa amechoka kumbeba mgonjwa wake. Mjane atasimama penye Yesu akutanapo na Mama yake. Msimwondoe mtu penye kituo chake kabla ya wakati.

4. Watoto wadogo wasiachwe peke yao mbele ya picha ya damu na mateso. Mzazi akae nao, ajibu maswali yao, awaonyeshe na picha ya ufufuko. Aliyeonyeshwa msalaba bila Pasaka amepewa hofu. Aliyeonyeshwa Pasaka bila msalaba hatakuwa na la kushika siku ya taabu.

Neno la mwisho

Mtu anayeteseka hana nguvu za kusoma kitabu, na pengine hana nguvu hata za kusali. Bado ana macho. Macho hayo yasikutane na ukuta mtupu, wala na nyuso za jamaa wanaojilazimisha kucheka. Yakutane na Yule ambaye ngozi yake iliteswa kama yake, na ambaye alama za misumari hakuzificha alipofufuka. Kisha sisi tulio wazima tukae karibu na kitanda, tutazame pamoja naye, tunyamaze.

Maswali ya kuzungumza nyumbani jioni ya Jumapili:

Katika nyumba yetu kuna picha gani, na ni lini tuliitazama mara ya mwisho?

Je, yuko kati yetu mtu anayeficha huzuni kwa sababu tumemwambia ajikaze?

Ni kituo kipi cha Njia ya Msalaba kilicho changu mwaka huu?